Balwant na Picha Iliyosimama kwa Kichwa

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha hali ya hewa hapa Nakuru, fundi wetu wa redio, Bwana Balwant Rai, anastaafu tarehe 30 Juni 1978. Paa la kituo litapumzika pia.

Alianza kwa kutengeneza redio za kazi na, kwa siri, pasi zetu za nyumbani. Mwaka wa 1967 ikaja mashine ya kupokea picha za setelaiti, pasi zikasahaulika. Setelaiti hizo hupita juu ya ncha za dunia: moja inachomoza upande mmoja, na kabla chai haijapoa imezama upande wa pili. Huioni, unaisikia tu kwenye redio, ikilia kama saa ya ukutani yenye mafua. Balwant juu ya paa akiifuata kwa antena, anaizungusha kwa mkono. Sisi chini tukimsihi asiangukie bustani ya sukuma wiki. Kisha mashine inachora, mstari kwa mstari. Mawingu ya nusu ya Afrika yanaingia katika chumba kinachovuja! Mpaka leo nywele zinatusimama, hata tuliobaki na chache.

Mwaka wa 1971 ngano ya Njoro ilikuwa imeiva. Mkulima mmoja, Mama Mugure, alikuja kuuliza habari ya mvua. Balwant akatazama picha ukutani: "Mawingu yako baharini, mama. Usiwe na haraka." Kumbe siku ile setelaiti ilipita kutoka kusini kwenda kaskazini, na picha za namna hiyo hutoka kichwa chini. Aliibandika hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi mkewe, Kamla, alileta chapati, akaangalia ukuta. "Baba Mahesh, Ziwa Viktoria limehamia Mombasa lini?"

Picha ilipogeuzwa, mawingu hayakuwa baharini bali huku kwetu, upande wa ziwa. Chapati ilibaki. Balwant alirukia lori letu na slipa miguuni, mpaka Njoro. "Mama, kata leo! Nimeisoma dunia miguu juu!" Mugure alimtukana kwa adabu, akawasha kombaini. Gunia la mwisho likiingia ghalani, mvua ikashuka kutoka milima ya Mau.

Tangu siku hiyo kila picha ina mshale mwekundu wa kuonyesha kaskazini. Mwaka huu tumeletewa picha ya setelaiti ya aina nyingine, ile inayozunguka sawa na dunia, ikikaa pale pale juu ya ikweta. Dishi likishaelekezwa, hakuna wa kupanda paa. Dunia ilitoka duara zima, imevaa mawingu. Balwant aliitazama, macho yakalowa. Halafu akaomba penseli nyekundu.

Asante, fundi. Mama Mugure ametuma unga wa ngano kwa chapati iliyobaki siku ile. Kapumzike vyema na Kamla, afya na furaha ziwe nanyi. Na ukitutumia picha ya wajukuu, tafadhali, weka mshale.