Tairi la Nne

Kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha chai, upande wa Kericho, kuna benchi ambalo wazee wa hapo hulikalia wakinywa kahawa, maana chai wanaiona kutwa nzima na wameikinai. Asubuhi hiyo walikuja wakalitua katikati ya uwanja, wapate kuona vizuri lori la Bwana, mwenye kiwanda, lililojengewa nyumba mgongoni, lenye kitanda na jiko. Okeyo alikuwa amechuchumaa nyuma yake. Miaka sita amechuma chai, na leo ndiyo safari yake ya kwanza ya udereva, mpaka Fort Ternan. Ni yeye aliyemwambia Bwana aachane na pampu ya mkono, mashine mpya ya upepo itajaza tairi zote kabla ya king'ora cha saa tatu. "Ikishindwa," Bwana alisema, "utarudi kwenye kikapu chako." Tatu zilijaa vizuri. La nne lililala kama chapati, na mashine inanguruma. Okeyo aliogopa.

— Upepo ya hapa iko baridi, kijana, alisema Gekara, pande la mtu lililojaza nusu ya benchi. Walimwita Injini kwa sababu aliwahi kupakia kuni kwenye gari-moshi. — Inaganda kwa bomba. Washa moto.

— Wapi! alisema Lazarus, aliyeitwa Padre ingawa kwaya ilimfukuza. — Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Nyumba inajitembeza, itakuwa nzuri namna gani?

— Wazee, nisaidieni. Saa imeisha.

— Si ndiyo tunasaidia? Upepo inaingia, lakini inapanda juu kwa chumba. Imeona kitanda, imelala.

— Hapo umesema, Padre. Mwambie afunge dirisha.

Okeyo alijua huo ni upuuzi mtupu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Alipanda akafunga madirisha yote mawili. Tairi halikutikisika.

Ndipo akapita Bochaberi, mwuza ndizi kutoka milima ya Kisii, mkungu kichwani. Alisimama akawatazama.

— Hamjambo, baba zangu. Hii bomba mnaikalia ya nini?

Gekara aliinama akachungulia kati ya miguu yake. Mguu wa benchi ulikuwa umelikandamiza bomba la mpira mpaka likazama kwenye tope. Akainuka taratibu.

Bomba liliruka. Tairi likaanza kuvimba, na nyumba ya Bwana ikanyanyuka vidole viwili. Okeyo alikaa kwenye tope na suruali yake safi ya udereva, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kikapu cha miaka sita kilimtoka mgongoni.

— Umeona? alisema Padre. — Ni dirisha.

King'ora kilipolia, lori lilikuwa likitoka getini, Okeyo akipiga honi. Bochaberi alikuwa ameketi kwenye benchi, mkungu pembeni. Gekara alimalizia kahawa yake amesimama.