Aliyetazama Miguu Chini ya Mabehewa

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Subiri, alizaliwa tarehe 4 Juni 1963 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni kuu, mtoto wa kwanza wa fundi reli na mshona nguo. Mama alisema alilia kwa sauti kubwa kuliko watoto wote, maana alikuwa akishindana na treni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1977. Hesabu zilimpiga chenga. Mwaka huo alimwona mwanafunzi mwenzake akikatiza reli, hakufika upande wa pili. Tangu hapo aliogopa reli, wala hakuona haya kusema anaogopa.

Mwaka 1982 aliajiriwa mshika bendera stesheni hapo hapo. Treni ya mbali ikishusha abiria, kila mtu hukimbilia ya mjini, jukwaa la pili. Daraja lipo, lakini mwenye mizigo na haraka halioni, huruka relini na kupenya chini ya mabehewa. Basi marehemu, kabla ya kuinua bendera ya kijani, aliinama shavu karibu liguse sakafu, akatazama chini ya mabehewa kama kuna miguu. Kila treni. Muuza magazeti alimtania, "Shemeji, umeangusha meno?"

"Natafuta miguu yako, usije ukaisahau hapa."

Siku moja aliona viatu vya kijani, akapuliza filimbi na kupaza sauti yake ya kila siku: "Subiri!" Mwenye viatu akapanda jukwaani anafoka: "Miguu yangu inakuhusu nini wewe?"

Akamjibu, "Bado."

Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa binti mmoja. Viatu wifi anavyo hadi leo, msimwulize.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, kuinama kukawa adhabu. Daktari akamwambia apumzike. "Nani atainama?" akauliza. Daktari akamwandikia vidonge. Wakubwa wa kazi, tunaowashukuru kwa shada zuri, nao wakamwandikia likizo. Wodini alining'inia ukingoni mwa kitanda akichungulia uvunguni: "Kuna miguu! Zuieni treni!" Tulimshika mabega, muuguzi naye akainama kuchungulia uvunguni. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Machi mwaka huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Mahali pake hajawekwa mtu. Juzi, tukitoka kuagiza jeneza, tulimwona mama mwenye mtoto mgongoni chini ya behewa la treni ya mjini, nayo imeshapiga honi ya kuondoka. Binti akapaza sauti ile ile ya baba yake: "Subiri!" Dereva akafunga breki. Sote tulikaa chini pale pale.

Leo jioni wengi wetu tutarudi kwa treni hiyo hiyo. Tunaogopa, wala hatuoni haya kusema. Jamani, piteni darajani. Ikiwaacha, iwaache.

Ameacha mjane, binti, dada wawili, na jukwaa tupu.

Umeinama vya kutosha, kaka. Mungu akupumzishe, mgongo na roho.