Zamu ya Mwenza

Asubuhi za kipupwe, Kilimatinde huamka ikiwa juu ya ukungu. Bonde lililo chini halionekani. Panabaki weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagika yakasahauliwa, na mtu aliyekaa kwenye benchi la Urbano fundi cherehani anaweza kudhani dunia inaishia hapo miguuni pake. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa behewa bovu la reli, lililopandishwa kutoka Manyoni na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka. Gaspari, muuza kahawa, alikaa mwisho mmoja na jiko lake la mkaa. Mwisho wa pili alikaa Yeremia, ambaye wote walimwita Baadaye, kwa sababu hakuna jambo alilowahi kuulizwa akalijibu siku ileile. Asubuhi hiyo, mwaka wa hamsini na nane, alikuwa ameulizwa jambo. Mbele ya benchi lori la misheni lilikuwa likipakiwa nta na karanga za kwenda Dodoma, na kando ya lori alisimama binti yake Dorika na kifurushi mkononi, hapandi wala haondoki. Alitaka kwenda kucheza mpira wa meza na wasichana wa shule ya huko. Kesho yake wageni kutoka Ilongero walikuwa wanakuja kumposa. Baba yake alikuwa amemwambia, baadaye.

— Jana mmeisikia redio ya Mhindi? alianza Zefania. Huyu aliitwa Bama, kwa jina la nchi ya Asia alikopigana vita na Wajapani, na hakuna habari ya mbali iliyompita bila yeye kuishika mkono.

— Tumeisikia mpaka betri ilipokufa, alisema Urbano, akitunga uzi kwenye sindano.

— Basi mlisikia. Mataifa ya Asia yamekutana Japani, wanashindana kila mchezo. Mtangazaji akafika kwenye mpira wa meza wa wanawake, wawili wawili. Akasema, mchezaji akishapiga, humpisha mwenza wake apige. Puu, betri ikafa.

— Nani alishinda?

— Nimekwambia betri ilikufa. Lakini neno nimelishika. Mwenza! Hakusema rafiki, hakusema dada. Wale ni wake wa mume mmoja.

Gaspari aliacha kumimina.

— Acha wewe, Bama. Wajapani nao wanaoa wawili?

— Nawajua mimi.

— Ulimwona hata mmoja?

— Nilimwona. Alikuwa anakimbia.

— Anakimbia kwenda wapi?

— Kuja kwangu.

Walicheka mpaka mmoja wa wapakiaji akageuka. Dorika hakugeuka. Yeremia alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, akautazama mgongo wa binti yake, kisha ukungu, kisha mgongo tena.

— Ukiwaza vizuri, jambo lina maana, alisema Urbano, ambaye alipenda kila kitu kishonwe kikae sawa. Ule wavu wa katikati ya meza ndio ukuta kati ya nyumba na nyumba.

— Na kile kipira? aliuliza Gaspari. Nimekiona pale misheni. Chepesi kama ganda la yai.

— Kipira ndiyo maneno yenyewe ya wake wenza. Ukiyaangusha upande wako, umeshindwa.

— Mume naye yuko wapi?

— Si yule mwamuzi anayekaa kwenye kiti kirefu! alidakia Zefania. Hasemi kitu. Anahesabu makosa tu.

— Ngoja, bwana. Na wale wawili wa upande wa pili?

— Wake wa mume mwingine, wa nchi nyingine. Ndiyo mambo ya mataifa hayo. Badala ya kupeleka askari, wanapeleka wake wenza.

— Na nchi yenye mke mmojammoja?

— Haichezi. Umesikia Mwingereza akitajwa jana?

Hapo hata Urbano alitikisa kichwa kukubali, maana kweli Mwingereza hakutajwa. Zefania alikitazama kidole chake kilichobaki nusu tangu vita.

— Wangeanza mapema kidogo, alisema polepole. Hiki ningekuwa nacho.

Kahawa ilinung'unika kwenye birika. Yeremia alikuwa amebaki nyuma, kwenye maneno ya redio: akishapiga, humpisha. Aliyajua maneno hayo kabla redio haijazaliwa. Aliyajua kwa masikio. Zamani, mama yake Dorika alipokuwa hai, kila jioni jirani yao, mama wa Selina rafiki yake Dorika, alikuja na mchi wake, wakatwanga uwele katika kinu kimoja. Mmoja akishusha, mwingine amekwisha kuinua. Hawakuhesabu, hawakutazamana, wakipiga soga juu ya watu wa kanisani, na michi haikugongana hata siku moja. Tu-tu, tu-tu. Yeye alikuwa akilala kwenye ngozi uani akisikiliza, na wakati mwingine aliona kama nyumba yote inapumua. Siku hizi Dorika alitwanga peke yake. Tu. Halafu kimya. Halafu tu. Yeremia alikuwa hajui kwa nini jioni zimekuwa ndefu hivyo.

— Shikamooni, wazee!

Msichana alikuwa amefika mbio kutoka misheni, kichwani ana kitenge, mkononi kitu alichokifumbata kama kifaranga. Alikuwa Selina.

— Marahaba, waliitika wote.

— Baba Gaspari, naomba maji ya moto. Nimekikalia kipira, kimebonyea. Ndicho tulichobaki nacho.

— Maji sina, mwanangu. Nina kahawa, na yenyewe imebaki kidogo.

— Hata kahawa itafaa. Joto litakivimbisha.

Gaspari aliwatazama wenzake. Hakuna aliyepinga, ingawa Zefania alikuwa ameshanyoosha kikombe. Kahawa ya mwisho ikamiminwa bakulini. Selina akakitia kipira, akakizungusha kwa ncha ya kijiko. Wazee wanne waliinama juu ya bakuli. Kipira kilielea na shavu lake lililobonyea, kikageuka, kikageuka, kisha pakasikika mlio mdogo, kama ulimi unapobana na kuachia, na shavu likatokeza.

— Kumbe! alisema Urbano.

Kilitoka mviringo, rangi ya kahawia. Selina alikifuta kwenye khanga yake, akaangalia huku na huku, ndipo akamwona Dorika kando ya lori.

— Mbona hupandi?

Dorika alimtazama baba yake mara moja, akashusha macho. Selina akayafuata yale macho mpaka benchini. Hakuwa mtoto wa utovu wa adabu. Alipiga goti kidogo kabla ya kusema.

— Baba Dorika, mimi nikishapiga, anapokea nani?

Urbano aliangalia sindano yake. Zefania, aliyekuwa na jibu la Japani yote, alisugua nusu ya kidole. Gaspari aliinua birika, akalitikisa, likalia tupu.

Yeremia alinyoosha mkono, na Selina akampa kile kipira. Kilikuwa bado na joto, kinanukia kahawa. Alikishika kwa muda, akikisikiliza kama mtu anayesikiliza yai. Kisha akasimama, akaenda mpaka kwenye lori, akakiweka kiganjani mwa binti yake.

— Panda, alisema. Panda sasa hivi, mwenzio anangoja zamu yake.

Dorika alipanda kabla neno halijapoa. Selina akamfuata. Lori lilitetemeka, likateremka ukingoni, na ukungu ukalimeza kuanzia magurudumu. Mwisho walionekana wasichana wawili tu juu ya magunia, wakielea, mmoja akirusha kitu kidogo cha kahawia, mwingine akikidaka, wakarushiana hivyo mpaka weupe ukawafunika.

Yeremia alirudi kukaa. Vikombe vilikuwa vitupu.

— Sasa wageni wa Ilongero, alisema Urbano kwa upole, kesho wakifika utawaambia nini?

Yeremia alitega sikio upande wa bonde.

— Nitawaambia baadaye, alisema.