Presha ya Fundi Bomba

Kibao cha kukalia cha kijiwe kiko mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na sheria yake ni moja tu: hakuna kunyanyuka kabla kahawa haijaisha. Asubuhi hiyo Bomba, fundi wa mabomba ya maji, alikaa mwishoni akiwa na begi la spana mapajani, na moyoni amekata shauri. Saa nne atapanda ngazi ya tangi la wodi ya wazazi, mita sita juu, afungue valvu iliyokwama. Kina mama waliojifungua hawana maji tangu juzi, na aliyewaahidi ni yeye. Tatizo ni kwamba juzi hiyohiyo aliinuka kutoka chini ya sinki la mteja, dunia ikazunguka, akazinduka amelala chali sakafuni. Mkewe akapiga marufuku ngazi. Kijiwe nacho kikaona kimepata kazi.

— Hiyo ni hitilafu ya waya, — alianza Waya, fundi umeme. — Shingoni, kwenye mshipa mkubwa, kuna kama swichi. Ukisimama, damu inakimbilia miguuni. Swichi inapiga simu kwenye ubongo, ubongo unauambia moyo: ongeza mwendo! Mishipa nayo inabanwa. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Yako, ndugu yangu, ilichelewa kupiga simu.

— Swichi! — Bi Lastiki, fundi cherehani na mwenye chupa ya kahawa, aliguna. — Nesi alitufundisha kwenye foleni ya zahanati. Ukuta wa ndani wa mshipa unatengeneza gesi yake wenyewe, naitriki oksaidi. Ikitoka, mshipa unalegea, unatanuka, presha inashuka. Ni mambo ya lastiki, baba. Ya Bomba imelegea.

— Gesi kwenye damu? Si angepaa!

— Asingepaa. Angeanguka. Na ameanguka.

— Basi aizoeshe mishipa yake. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mtu ana miaka sitini na mbili, ubichi uko wapi?

— Tatizo ni kola uliyomshonea. Inambonyeza swichi.

— Kola yangu iache kabisa!

— Basi ni simu anayoiweka mfuko wa shati. Ikiita, moyo unadhani umeitwa wenyewe.

— Hapana. Chini ya sinki, gesi yake ilisikia harufu ya gesi ya bomba la maji machafu, ikaenda kusalimiana nayo.

Bomba aliwaitikia wote kwa kichwa. Kunyamaza si desturi yake, ila kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuwa wamemuuliza, naye aliomba Mungu wasiulize.

Ndipo akatokea mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, ameshika pakiti ya vidonge vya presha.

— Shikamoo baba. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mama yako kakutuma?

— Hapana, baba. Nilikuwa nafuta meza nikaiona hii. Nisamehe kwa kuuliza. Asubuhi ile ulipoanguka, ulimeza vingapi?

Waya alimtazama Bi Lastiki. Bi Lastiki aliitazama kahawa. Kelele zote zile za swichi na gesi, na hakuna aliyefika hapo.

Bomba angeweza kudanganya. Lakini binti alisimama kwa adabu, macho chini.

— Vinne.

— Daktari alisema vinne?

— Kimoja kila siku. Nilisahau siku tatu, nikavifidia. Bomba likikaa sana limefungwa, unalifungulia lote kwa mpigo.

— Vinne! — Bi Lastiki alishika kifua. — Mishipa yote ikalegea kwa pamoja!

— Na swichi hata ingepiga simu, — Waya alisema polepole, — nani angepokea?

— Niliona aibu, — Bomba alisema. — Maisha yangu yote nafunga na kufungua presha za watu. Lakini maji wale kina mama watayapata leo. Kwa hilo sirudi nyuma.

Akaiweka chini kahawa yake, haijafika hata nusu. Akaikita miguu chini sawasawa, akashika kibao, akangoja. Akainuka nusu, akangoja tena. Kisha akasimama, akahesabu hadi ishirini, na dunia ikatulia palepale ilipokuwa.

— Mwanangu, twende kwanza nikapimwe. Zahanati na wodi ni ua mmoja. Waya, njoo na ngazi.

— Nikushikilie?

— Uipande. Mimi nitakuwa chini nakuelekeza.

— Mita sita? — Waya aligusa shingo yake, palepale penye swichi. — Ndugu yangu, sheria ni sheria. Kahawa haijaisha.

Bi Lastiki aliifungua chupa, akaigeuza, akaimwaga kahawa yote chini hadi tone la mwisho.

— Imeisha, — alisema. — Nyanyuka. Taratibu.