Choo cha Wanaanga

CHINNAPONNU: Haloo? Haloo! Kathiravan, mwanangu, ni wewe?

KATHIRAVAN: Ni mimi, Mama. Shikamoo.

CHINNAPONNU: Marahaba. Mbona nasikia maji? Kunanyesha huko?

KATHIRAVAN: Ee... kidogo. Umekula?

CHINNAPONNU: Nile nini, na habari niliyoisikia! Binti wa jirani yetu Selvi, si mnafanya kazi pamoja? Kapiga simu kwao. Eti kwenye hicho chombo cha kupeleka watu wetu angani, wewe umepewa choo! Niambie ni mwongo.

KATHIRAVAN: Mama, ni mashine ya—

CHINNAPONNU: Inaingia nini ndani yake?

KATHIRAVAN: Haja za wanaanga, Mama.

CHINNAPONNU: Ptuu! Kinyaa gani hiki! Nimebeba ndoo za mavi ya watu kichwani mpaka nywele zikaninyonyoka. Baba yako kafia ndani ya shimo la maji machafu. Tukakusomesha uhandisi utoke humo! Na mimi mjinga, nimegawa peremende za laddu mtaa mzima, "mwanangu anaunda chombo cha anga!"

KATHIRAVAN: Bila choo hawaendi, Mama. Ni kazi kama—

CHINNAPONNU: Wee! Raghavan, mliyeajiriwa naye siku moja, kapewa kazi gani?

KATHIRAVAN: Injini.

CHINNAPONNU: Na wewe uliomba nini?

KATHIRAVAN: Injini.

CHINNAPONNU: Bosi alikuuliza nini kabla ya kugawa kazi?

KATHIRAVAN: Kijijini tunakaa mtaa gani.

CHINNAPONNU: Ukamwambia.

KATHIRAVAN: Nikamwambia. Ule wa ng'ambo ya mtaro, wa tabaka letu la wazoa mavi.

CHINNAPONNU: Khaa! Washenzi wakubwa! Na madigrii yao!

KATHIRAVAN: Haloo? Unakatika-katika... salio lako, Mama—

CHINNAPONNU: Na liishe! Binti kasema leo hicho choo kimepasuka.

KATHIRAVAN: Bomba tu, kwenye majaribio. Wakubwa walikuja kutazama.

CHINNAPONNU: Mlikuwa wengi humo?

KATHIRAVAN: Wengi.

CHINNAPONNU: Ufagio akapewa nani?

KATHIRAVAN: Mama, salio lako—

CHINNAPONNU: Kathiravan!

KATHIRAVAN: Bosi alisema, "Wewe si umezoea?" Wenzangu wakacheka, wameziba pua.

CHINNAPONNU: (mtandao unakwaruza) ...Hiyo si mvua.

KATHIRAVAN: Nini?

CHINNAPONNU: Hayo maji. Si mvua.

KATHIRAVAN: Nanawa mikono, Mama.

CHINNAPONNU: Tangu saa ngapi?

KATHIRAVAN: Tangu mchana.

CHINNAPONNU: Lo, mwanangu... Nami nilikuwa nasugua hivyo hivyo, mpaka ngozi inachubuka. Sikiliza, salio linaisha. Kesho urudi kwa huyo bosi, uidai injini yako—

KATHIRAVAN: Akikataa je? Mama, nikifukuzwa je?

CHINNAPONNU: Ufukuzwe uje nyumbani! Funga hayo maji, Kathiravan. Funga nisikie. Anayenuka si wewe, ni—

(simu inakatika)