Shahada Niliyoiita Fifi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mlioanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, funikeni meno. Leo sikuja na vichekesho. Nimekuja na hasira, na nusu ya hasira hiyo ninajikasirikia mwenyewe.

Nianze na upumbavu wangu. Siku ya shukrani, mama yangu alipoleta cheti chake cha shahada hapa mbele ili mchungaji akiombee, ni mimi, Masunga wa kidato cha tatu, niliyepewa kipaza sauti niseme neno la familia. Mtoto mwenye akili angesema asante, akaketi. Mimi nikasema: "Ndugu zangu, hii shahada ni ya mtandaoni. Chuo hakina ukuta, mwalimu hana miguu, mahafali tumefanyia kwenye simu. Sisi wakulima wa pamba, kitu kama hiki tunakiita fifi."

Mlicheka. Msikatae. Mzee wa kanisa aliyekaa pale dirishani alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kwaya walicheka kwa sauti nne. Mama alikuwa amesimama na cheti mkononi. Akakitazama, akakirudisha kwenye bahasha taratibu, kama mtu anayefunika chakula kisiingie inzi.

Hapa Bariadi hakuna asiyelijua neno lile. Pamba nyeupe iliyochambuliwa vizuri ni safi. Ile ya njano, yenye majani na madoa, ni fifi, na inawekwa pembeni. Mtoto wa mkulima anajifunza maneno hayo mawili kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo ulimi wangu haukuteleza. Nililitafuta neno, nikalipata, nikajisifu moyoni.

Na nani alijua kuliko mimi kwamba shahada ile haikuwa fifi? Mama alikuwa mchambuaji kiwandani, anatenganisha pamba safi na fifi tangu mimi sijazaliwa. Tangu soko lifunguliwe na kila mwenye mizani akawa mnunuzi, pamba inanunuliwa alimradi gunia limejaa. Wanaonyunyizia maji wapo. Wanaotia mchanga wapo. Wapo hata humu ndani, siwataji, wanajijua. Mama alikuwa anayaona hayo, anasema, anaambiwa anyamaze kwa kuwa hana elimu. Ndipo akajiandikisha kusoma shahada ya kwanza ya uthibiti ubora kwa mtandao, miaka minne, kwa sababu chuo kiko mbali na yeye hawezi kuacha kazi wala kutuacha sisi.

Kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, juu ya jukwaa la tangi la maji. Mama alikuwa anakaa chini kivulini na kompyuta ya kuazima, mimi niko juu nimeinua simu. Kila Jumamosi mimi ndiye mnara. Nikishusha mkono nikune pua, mwalimu anaganda mdomo wazi, na mama anaita kutoka chini, "Masunga, inua!"

Siku ya kutetea mradi wake nilikuwa juu kule. Mradi ulihusu gunia. Alikuwa anasema wakaguzi wetu wanashika pamba ya juu tu, na uovu wote uko chini, kwa hiyo lazima wakague juu, kati na chini. Maprofesa walimbana. Wakamgeuza hivi, wakamgeuza vile. Mama akajibu kila swali kwa Kiingereza chenye Kisukuma ndani yake, na hakuna swali lililobaki limesimama. Mkono wangu ulikufa ganzi. Nikashuka pale nikijua ninachokijua. Halafu nikaja hapa nikasema fifi, kwa ajili ya kicheko tu! Kicheko chenu!

Utani ule ulitoka humu kabla ya baraka ya mwisho. Ukafika sokoni, ukapanda pikipiki, ukasikika mpaka kijiji cha Zagayu. Na ukaingia kiwandani. Wakati huo kiwanda kilikuwa kinatafuta msimamizi wa ubora mwenye shahada, nafasi ambayo mama aliisomea miaka yote minne. Akapeleka bahasha. Meneja akamrudishia bila kuifungua, akamuuliza kama hiyo ndiyo ile shahada fifi ya kanisani. Mama alitusimulia huku anapepeta mchele, kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama. Angenichapa ningeshukuru.

Mngetegemea hapo nitubu. Sikutubu. Nilienda shule nikatunga utani mwingine, wa meneja.

Ndugu zangu, kuna watu Bwana huwatokea ndotoni. Mimi alinitokea kwenye gunia la babu.

Babu, baba yake mama, alileta pamba kutoka Nkololo, nikaenda naye kiwandani kumsaidia kushusha. Pamba ile yeye na bibi waliichambua juu ya mkeka, donge kwa donge, jinsi mama alivyowafundisha. Kijana wa kukagua akachota kiganja kimoja cha juu. Hata hakukitazama. Alinitazama mimi.

"Wewe si mtoto wa shahada fifi?" Akamgeukia karani. "Andika fifi. Ukoo mzima."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile, nikakitambua kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine. Babu peke yake hakucheka, kwa sababu huko Nkololo habari ilikuwa haijamfikia. Aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, shahada fifi ni nini?"

Nilitafuta utani wa kujibia. Haukuja hata mmoja. Mara ya kwanza maishani mwangu!

Nikapanda juu ya gunia. Nikasema kwa sauti ya kufika ofisini kwamba neno lile nimelitunga mimi, kwamba ni uongo, kwamba mama amesoma mbele ya macho yangu, na kwamba mkaguzi huyu ameshika juu tu na hajui chini kuna nini. Meneja akatoka. Alipojua mimi ndiye mtunzi alifurahi sana. Akaniomba niurudie ule utani, ausikie kutoka kwa mwenyewe.

Mnanijua. Mimi sijawahi kuombwa kichekesho nikakataa. Mdomo ulianza kufunguka wenyewe. Ndipo nikamwona mama amesimama upande wa wachambuaji, kitambaa chake cha kichwa kimejaa nyuzi za pamba, ananingoja niseme.

"Hapana, bosi," nikasema. "Mwite mama yangu aingize mkono kwenye gunia lolote mlilolipitisha."

Alimwita, nadhani ili acheke zaidi. Mama akaja, akamsalimia babake kwanza kwa Kisukuma, kwa kupiga goti, hakuharakishwa na mtu. Akakunja mkono wa gauni. Kwenye gunia la babu akachota juu, akachota kati, akazama mpaka begani akachota chini. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Akahamia gunia la jirani lililokwisha andikwa safi. Juu nyeupe. Kati nyeupe. Chini mkono ukatoka na mchanga mbichi, akaumwaga juu ya kiatu cha mkaguzi. Mpaka leo anasema ilikuwa bahati mbaya.

Hakuna aliyecheka. Meneja akauliza ile bahasha iko wapi.

Pamba ya babu iliandikwa safi, na sasa mama ndiye msimamizi wa ubora. Na ninyi mliokuwa mnamwita Mama Fifi mkikutana naye njiani, sasa mnamwita Madam. Nawasikia! Ndiyo maana hasira haijaniisha. Cheti ni kilekile. Mama ni yuleyule. Mlingoja meneja afungue bahasha ndipo mkaona kilichomo, na mimi ambaye niliona kila kitu kutoka juu ya tangi ndiye niliyewafundisha kutoona.

Namshukuru Mungu aliyenitoa mikononi mwa mdomo wangu. Nawe mwenye ulimi kama huu, usingoje gunia la babu yako. Mpe Bwana leo. Kama ni mgumu kama wangu mpe nusu, atajua jinsi ya kuivuta iliyobaki. Na wewe unayesoma kwenye simu kivulini huku watu wanakucheka, mtegemee Bwana, soma. Ukikosa mnara, niite.

Ushuhuda huu nilimsomea mama jana jikoni kabla ya kuuleta. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye unga. Hakulia, wala hakuniambia asante. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Juu ni safi, baba. Sasa kaa hapo nikague chini."