Kumuaga Bu Tumirah, Aliyetugawa kwa Umri Kisha Akatuchanganya

Mheshimiwa Mkuu wa Kata, Pak Widagdo; Mheshimiwa Mwenyekiti mpya wa kitongoji chetu cha Wonokelir, Pak Galih; wazee wetu wa chini ya ngazi; vijana wetu wa juu ya ngazi; ndugu wageni waalikwa; na wewe, Bu Tumirah, mama yetu na mwenyekiti wetu, ambaye baada ya miaka kumi na tisa ya kutuamsha, kutupatanisha na kutugombeza unatuacha leo ukiwa umevaa kebaya ya kijani na uso wa mtu asiyetaka kusifiwa:

Nimepewa kazi hii kwa sababu nilikuwa katibu wako. Wengine watakusifu kwa mfereji, kwa taa za njiani, na kwa chanjo ya watoto. Mimi nitakusifu kwa kosa. Usinitolee macho, Bu. Kosa lenyewe kila mtu hapa analijua, ila mpaka leo hakuna aliyelizungumza mbele ya watu, na mimi bado sijapona mshtuko wake.

Mnakumbuka kwamba uchaguzi wa rais ulipokaribia tuliambiwa watu wetu wamekuwa wengi mno kwa kituo kimoja, tuwe na viwili. Kimoja kikawekwa chini, barazani kwa duka la ushirika, na kingine juu, kwenye uwanja wa mpira wa vinyoya. Mwaka uliotangulia Mbah Rejo, mkwe wangu, baba wa mke wangu, aliteleza kwenye ngazi zile za mawe zinazopanda kutoka nyumba za chini hadi za juu, akavunjika kifundo. Ndipo Bu Tumirah akasimama kikaoni na kusema jambo lililoonekana la huruma tupu: "Wazee wote wapige kura chini. Vijana wana miguu, wapande juu." Tulipiga makofi. Mkuu wa Kata alipiga makofi. Nani angepinga? Wilaya nayo ikakubali, kwa kuwa karatasi zilikuwa safi na sababu ilikuwa nzuri.

Siku ya kura tulipamba vituo vyote viwili kama harusi, kwa makuti machanga yaliyosukwa, na maofisa wakavaa nguo za bwana na bibi harusi. Watu walitoboa karatasi zao kwa msumari, wakachovya vidole kwenye wino, wakala wali wa kwenye majani na tempe ya kukaanga. Hadi hapo ilikuwa sikukuu. Mchana tukaanza kuhesabu mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Karatasi inafunguliwa, inainuliwa juu ili mwanga upite kwenye tundu, namba inatajwa, mashahidi wanaitikia "sahihi", kijiti kinachorwa ukutani.

Wagombea walikuwa watatu, lakini wa tatu hata ndugu zake hawakumkumbuka. Namba Moja alikuwa mzee wa miaka sabini na minne. Namba Mbili alikuwa bado hajafika arobaini na mbili. Sote tulijua itakavyokuwa. Wazee watamchagua mzee mwenzao, vijana watamchagua kijana mwenzao. Watu walikuwa wameshawekeana dau la bakuli la supu ya soto.

Mimi nilikuwa chini. Karatasi ya kwanza, Namba Mbili. Ya pili, Namba Mbili. Ya kumi, Namba Mbili. Nilidhani ofisa anaishika karatasi kinyume. Bibi mmoja nyuma yangu alimgusa mwenzake, "Kumbe na wewe?" Mwenzake akajibu, "Kijana akikosea tutamchapa. Yule mwingine nani atamchapa?" Kufikia alasiri ukuta wa chini ulikuwa na vijiti mia moja sitini na tatu vya Namba Mbili, na sita vya mzee wa miaka sabini na minne. Sita.

Wakati huohuo sauti kutoka juu zilikuwa zinateremka na upepo, na tulichosikia kilikuwa: "Namba Moja. Sahihi. Namba Moja. Sahihi." Mfululizo. Vijana wetu, wenye suruali zilizochanika magotini na nywele za rangi ya machungwa, walikuwa wamemchagua babu yule kwa kura mia moja hamsini na nane.

Ndugu zangu, ninaandika shajara tangu nilipomaliza sekondari, na hakuna siku niliyokosa maneno. Siku ile niliandika tarehe, nikaandika "Wamebadilishana", nikafunga.

Kura ni siri. Lakini siri ya mtu mmoja inalindwa na kuchanganyika na wengine, na sisi, kwa huruma yetu, tulikuwa tumewachambua watu kama mchele na chuya. Kila mzazi alijua mwanawe ametoboa wapi. Kila mjukuu alijua bibi yake amemkataa nani. Hatukuwa tumewahi kuonana uchi namna ile. Je, mtu akishaona hivyo, anarudije mezani kula?

Hakurudi. Kwangu Mbah Rejo aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Binti yangu Niken aliporudi kutoka juu, na kidole chake cha rangi ya zambarau, maneno yao yalikuwa haya, nami nilikuwa nimeshika birika.

"Mmemchagua mtu yule," alisema babu.

"Mtu yupi, Mbah?"

"Unamjua."

"Ningemjua ningekuuliza?"

"Kizazi cha simu. Mnadhani mtu akicheka kwenye kioo basi ni mwema."

"Na nyinyi mnajua kununa tu. Kueleza hamwezi."

Babu akanyamaza. Angeweza kueleza, lakini alinyamaza, na ukimya ule ukaingia kila nyumba. Mihogo iliyokuwa inapelekwa juu kutoka nyumba za chini ikaacha kupelekwa. Kwenye kundi la simu la vijana mtu aliandika kwamba wazee wakalale mchana, nchi tutaiangalia sisi. Kwenye arisan, mchezo wa kupeana pesa wa kina mama, mtu akajibu kwamba waliolelewa kwa maziwa ya kopo hawana kumbukumbu. Na ninyi nyote mlikuwa mnajua kwamba Niken ana harusi, kwamba siku ya harusi ilikuwa imeshapatikana, na kwamba aliyeipigia hesabu, kwa siku ya kuzaliwa ya binti na ya kijana, alikuwa Mbah Rejo mwenyewe, hivyo haikuwezekana kuisogeza hata kidogo. Vijana wa kubeba sinia wakasema hawatawabebea chakula watu wanaowadharau. Wazee wakasema hawatakuja kubariki.

Lakini kilichotuumiza nyumbani kilikuwa kiti. Asubuhi ya harusi bibi harusi hupiga magoti mbele ya wazazi na mbele ya babu, akaweka uso kwenye magoti yao, akaomba radhi na baraka. Bila hilo mke wangu aliona hakuna harusi, kuna karamu tu. Mbah Rejo akasema, taratibu kabisa, akimenya embe: "Kwenye kiti hicho sitakaa. Apigiwe magoti yule aliyemchagua."

Mke wangu alilia jikoni. Niken hakulia. Alisema, "Basi kiti kibaki kitupu, watu waone." Mnamjua Niken. Mnajua amerithi kwa nani.

Ikatangazwa kuwa hakuna aliyepata nusu ya kura za nchi, na kwamba Namba Moja na Namba Mbili watarudi kwenye duru ya pili, majuma mawili kabla ya harusi. Hapo babu akapata matumaini ya ajabu. Alijikongoja hadi kwa Bu Tumirah, nami nikamshika mkono njiani, na haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Tumirah, viache vituo kama vilivyo," alisema. "Nitakaa pale juu nihesabu. Nikiona vijana wamejirudi, nitakaa kwenye kiti cha mjukuu wangu."

"Na wasipojirudi?"

"Basi nitajua."

Bu Tumirah alikuwa anaanika juani vipande vya kerupuk vya kukaanga. Hakuacha kuanika. "Mbah, mimi ndiye niliyekosea. Nilitaka usipande ngazi, nikakupa dirisha la kuchungulia moyo wa kila mtu. Nalifunga."

"Wewe ni mkaidi."

"Nimefundishwa na nani, Mbah? Si ulinifundisha wewe kuendesha baiskeli kwa kunisukuma mtoni?"

Akaenda wilayani mara tatu. Mara ya kwanza walimcheka, mara ya pili wakamwambia alete maombi, mara ya tatu wakachoka naye. Vituo vyote viwili vikawekwa chini, kimoja barazani kwa ushirika, kingine upande wa pili wa ua uleule, na watu wakapangwa kwa herufi za majina yao, bibi na kijana kwenye foleni moja. Nilishangaa, kwa aibu ya sisi sote tuliosoma na kukaa vikao. Vijana walikuwa na miguu ya kupanda. Tulishindwaje kuona kwamba wana miguu ya kushuka pia?

Wazee walimkasirikia, vijana walimkasirikia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu kura ya mwanzo watu wa chini na wa juu walipokubaliana juu ya jambo.

Siku ya duru ya pili Mbah Rejo aliketi mbele kabisa ya ukuta wa kuhesabia, miwani puani. Karatasi zikainuliwa. Namba Mbili. Namba Moja. Namba Moja. Namba Mbili. Alikuwa anageuza shingo kama mtu anayetazama mpira wa vinyoya.

"Hizi ni za nani?" aliuliza kwa sauti.

"Za Wonokelir, Mbah," alijibu Bu Tumirah.

"Nauliza, za vijana au za wazee?"

"Za watu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Na ukutani matokeo yalipokamilika nilihesabu mara mbili, nikamwomba Pak Galih ahesabu. Kura zilikuwa zimehama, ndugu zangu. Namba Mbili alikuwa amepata zaidi kwa arobaini kuliko kura zote alizopata mara ya kwanza chini na juu pamoja. Nani alihama? Vijana walisikia kitu? Au wazee ndio walioshikilia, na waliomchagua yule wa tatu ndio walioingia? Au wapo wazee waliokwenda kwa Namba Moja kwa siri na vijana wengi zaidi waliotoka kwake kwa siri, wakapishana njiani bila kuonana? Nilitazama nyuso zenu siku ile, mmoja baada ya mwingine, na sikuweza kusoma hata moja. Aliyeshinda nchi nzima mnamjua, simtaji kwenye sherehe.

Asubuhi yake, kwenye chai, babu alikigeuza kiti chake. Safari hii vijiti vya ukutani havikuwa vimemwambia chochote. Ilimbidi aulize.

"Nduk," alisema, yaani binti yangu mdogo, na alikuwa hajamwita hivyo tangu kura ya kwanza. "Yule mtu ulimpendea nini?"

Niken aliweka kijiko chini. "Wewe ulimchukia nini?"

Na babu akasema. Mke wangu ana miaka hamsini na moja na alikuwa hajawahi kusikia. Namba Moja, alipokuwa kijana, alikuwa bwana shamba mkubwa wa sehemu hizi. Ilikuwa imeamriwa watu wapande mbegu mpya fupi. Baba yake Mbah Rejo alipanda mpunga mrefu wa kwao, na ulikuwa umeshaanza kushika punje. Bwana yule alikuja na watu wenye buti, wakaung'oa wote mbele ya familia. Kisha akawataka wenye mashamba wapige makofi, kwa ajili ya picha.

"Baba yangu alipiga makofi," alisema Mbah Rejo. "Nami nilipiga. Wote walio chini ya ngazi wana mtu aliyepiga makofi. Ningekuambiaje, nduk?"

Sikujua nitazame wapi. Mambo ya namna hiyo yamelala chini ya sakafu tunayokanyaga kila siku, na vijana wetu wamekuwa wakitembea juu yake wakicheka, na hatukuwa na haki ya kuwashangaa.

Lakini lililonivunja lilikuwa jibu la Niken. Alisema:

"Mimi nilimchagua kwa sababu anafanana na wewe, Mbah. Kwenye video za simu huwa anawachambulia wajukuu zake miiba ya samaki. Nilimwona nikakuona wewe. Sote kule juu tulikuwa tunasema hivyo. Tunasema, huyu kama babu yetu."

Mtu ambaye Mbah Rejo alimchukia miaka yote, mjukuu wake amempigia kura kwa kumpenda yeye. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na wali uliungua, na hakuna aliyesema kuhusu wali.

Baadaye babu akauliza, "Na jana?"

"Ya jana ni yangu, Mbah."

Alimtazama sana. "Haya. Basi na ya kwangu ni ya kwangu." Kisha akaniambia mimi, kama vile kosa ni langu, "Kile kiti ni kigumu. Tafuta mto."

Harusi mliiona. Sinia zilibebwa, wengine walizimwaga kwa haraka, na Niken alikaa na uso kwenye magoti ya babu yake kwa muda mrefu mpaka mpiga picha akakohoa.

Bu Tumirah, watu wanasema umri ndio unaoamua mtu amchague nani. Mimi nilikuwa na ushahidi ukutani, kwa vijiti, wa kuthibitisha hivyo, na sikuelewa lolote mpaka uliponiondolea ushahidi wenyewe. Umetuachia mfereji na taa, ndiyo. Lakini ulitunyima pia kujua, na kwa sababu hiyo tukaulizana. Pak Galih, miaka mitano si mingi. Atakuja mtu mwema mwenye wazo jema la kutupanga. Msikilize, mpe chai, kisha umpeleke kwa mama huyu.

Nilitaka kuendelea, lakini Mbah Rejo, pale mstari wa pili, ananipungia fimbo. Ameniambia tangu asubuhi kwamba habari ya mpunga nimeruhusiwa kusema kipande tu. Kuna majina, kuna mashamba ya nani na nani, na hayo atayasema mwenyewe leo, baada ya chakula, kwa vijana watakaopenda kukaa naye. Naona tayari wameanza kusogeza viti. Nami nataka kusikia, kwa hiyo naketi.

Kwako, Bu, shukrani za nyumba yangu yote. Kwenu nyote, asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa, nami sasa nakwenda kusikiliza.